Firigisi ya Baba

Baba mpendwa,

Mvua za Aprili zimejaza bwawa la kambi ya wageni, na Mama ameajiriwa huko. Yeye hurusha visahani vya udongo hewani, wageni wakivilenga kwa bunduki kama mchezo. Jumamosi walimwachia bunduki ajaribu, akapasua kimoja! Wale wanaovua samaki nao walitaka manyoya ya jogoo wetu wayafunge kwenye ndoano yawe chambo, basi tukamchinja.

Nyanya alimpakulia Mama firigisi yako, ile ya mwenye nyumba.

“Hiyo ni ya Baba Muhonja!” Mama akakataa.

“Kula, mpiga bunduki! Mwenyewe yuko Nairobi anakula mkate.”

Tulicheka sana. Lakini Mama hakuila. Ameikausha juu ya meko. Baba, njoo uile, hata kama bado hujapata kazi.

Anayekungoja,
Muhonja