Mbuzi Wanaokua

Machakos Mjini,
Jumatatu.

Kwa kaka yangu Ndambuki,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe, wifi na mama yetu Mwaitu mko salama hapo Mwala, na kwamba goti la Mwaitu limepata nafuu. Sisi tu wazima. Cherehani inanipa riziki, na mwenzangu Masila bado anauza mabati huko Tala. Nimeandika kwa sababu simu yako hupokewa na kila mtu hapo nyumbani, na haya ni yako peke yako.

Unajua mimi na vitabu hatuivi chungu kimoja. Lakini mteja wangu Ndanu alisahau kimoja dukani, nikakifungua nikingoja stima irudi. Kumbe ni maisha ya Wesley Kioko, yule mchekeshaji wa redioni aliyekuwa akituvunja mbavu tukipukuchua mahindi. Ameeleza alivyoanzia kwenye harambee za kanisa huko Mitaboni hadi akafika kwenye televisheni, na jinsi alivyogonga miaka hamsini akakuta vijana wenye simu wamemchukulia kazi, na yeye mwenyewe hacheki tena. Nilicheka peke yangu mpaka wapita njia wakachungulia.

Utakumbuka kichekesho chake kikubwa, kile cha ntheo, wale mbuzi watatu wa kuhalalisha ndoa. Kila alipopanda jukwaani alisema mbuzi wa kupeleka kwa wakwe bado wananyonya. Sasa kitabuni anasema mke wake alifariki, na wakwe wakaja kumchukua wakamzike kwao, maana bila wale mbuzi watatu hakuwa mke wa mtu. Ikabidi awatafute mbuzi hao asubuhi ya mazishi. Ameandika kwamba waombolezaji walipomwona amevaa suti nyeusi, kamba za mbuzi mkononi, walianza kucheka. Walidhani ni mchezo wake.

Hapo nilifunga kitabu. Masila naye, tangu tuanze kuishi pamoja, huwaambia watu kwamba mbuzi wetu bado wanakua, na mimi hucheka pamoja nao. Kifungua mimba wetu sasa ana ndevu. Baada ya chakula nilimsomea ukurasa ule. Mwanzoni alicheka, kisha akaniuliza kama ninaumwa. Nilimjibu kwamba siumwi. Nikamwambia, "Nataka kuwaona mbuzi wangu nikiwa hai."

Akasema Jumamosi atawaleta, yeye na wazee wawili. Aliahidi hivyo hivyo baba akiwa hai, tukapika bure.

Sasa wewe ndiwe uliyekaa mahali pa baba. Tafadhali waite wazee wetu, na umwombe wifi aandae chakula cha wageni. Mimi nitafika Ijumaa. Masila anajua ninakuja kusaidia kupika. Asilojua ni kwamba nimeshatafuta pikapu ya kubeba cherehani na nguo zangu. Jumamosi ikiisha bila mbuzi, sirudi Machakos. Nampenda Masila, kaka, na nimelia kabla ya kushika kalamu. Lakini nimechoka kucheka.

Akija, mpokee kwa heshima zote za mkwe, na usimtanie. Asipokuja, nitahitaji chumba changu cha zamani. Mwaitu asijue kwa sasa. Nisalimie watoto wote, na jirani yetu mzee Munyao.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kalondu.

Jina la Masila nitaliongeza baada ya langu Jumamosi, akifika na mbuzi.