Kitufe cha Kungoja Pumzi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na watoto. Mguu unaendeleaje? Mimi afya ninayo, raha ndiyo sina.

Mama amenieleza kwamba kwaya imekuachisha kupiga kinanda baada ya miaka kumi na tisa, na kwamba kile cha nyumbani umekifunika shuka, hutaki mtu akiguse. Nilishika simu nikashindwa kukupigia, ndiyo maana naandika.

Unajua kazi yangu ni kupanga mwonekano wa programu za kompyuta: vitufe vikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani. Mwaka huu nilipewa programu inayowapigia muziki waimbaji wasio na mpigaji. Ilikuwa balaa. Skrini ilijaa vitufe vidogo kama mchele uliomwagika. Muuguzi mmoja mstaafu tuliyemwita aijaribu aliimba mstari mmoja tu, muziki ukamwacha nyuma, akahangaika kutafuta pa kuusimamisha mpaka machozi yakamtoka. Bosi akasema nisipoirekebisha, tunaiua.

Ndipo nikakumbuka siku ile jikoni kwako. Nilikuuliza unawezaje kwenda sawa na waimbaji wanaoburuta wimbo, ukacheka, ukasema, "Siwatazami midomo, mdogo wangu, nawatazama mabega. Yakipanda wanavuta pumzi, nami nawangoja." Basi niliondoa vitufe vyote, nikabakiza kimoja kikubwa. Ukiona mabega yanapanda unakibonyeza, muziki unangoja; ukikiachia unaendelea. Hata asiyejua noti anaweza. Ofisini walinipigia makofi. Sikukutaja.

Kaka, hilo si baya zaidi. Mwalimu wa kwaya yenu alikuja kuijaribu. Hakunijua. Alisema wanaye mpigaji mzuri, ila mguu unamsumbua, siku nyingine hafiki. Chombo hiki kikiwa rahisi, watampumzisha. Nilijua anakusema wewe. Ningeweza kumwambia huyo ni kaka yangu. Badala yake nilimwonyesha pa kubonyeza, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akaweza.

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani kwenu kuisikiliza kwaya, nikakaa nyuma kabisa. Muziki uliwangoja vizuri, kila pumzi. Nilitoka kabla hawajamaliza.

Mama hajui lolote. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe. Usiponijibu nitaelewa. Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu, kama bado unaona nafaa kusalimia.

Ni mimi,
kitindamimba wenu