Picha ya Harusi ya Mama Nekesa, Mara ya Pili

Jumatatu, 4 Julai 1955
Asubuhi nzima hapa studio napaka rangi mashavu ya watu kwenye picha. Baridi kali, rangi haikauki. Saa tano akaingia Mzee Zakayo, fundi wa karakana ya reli, na picha ya harusi yake. Ilipigwa misheni miaka ishirini na sita iliyopita. Yeye amekaa kitini. Mkewe amesimama nyuma, gauni jeupe, miguu mitupu. Mzee anastaafu, Jumamosi wanapanda treni kurudi kwao Butere. Anataka picha ileile, ila ya kisasa: taa za umeme, na rangi. Tajiri wangu, mwenye studio, amekubali. Nimeipenda kazi hii.

Jumanne, 5 Julai
Mzee alikuja peke yake, suti imepigwa pasi. Mama Nekesa, mkewe, amekataa. Hasemi kwa nini. Mzee alikaa saa nzima akizungusha kofia mikononi. Nilimhurumia.

Jumatano, 6 Julai
Baada ya kazi nilipita nyumba za reli. Mama Nekesa alikuwa akifunga sufuria kwenye magunia. Akanipa chai. Akafunga gunia moja, kisha akasema. Gauni lile lilikuwa la mke wa mmisionari. Picha ilipokwisha tu, alivuliwa nyuma ya kanisa. Karamu ya harusi yake akaila amevaa rinda lake kuukuu.
"Kila nikiiona pale ukutani, mwanangu, naona vile nilivuliwa."
Mumewe hajui. Miaka yote hiyo! Nikamwambia amwambie.
"Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa."
Nimerudi na hasira. Sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 7 Julai
Nimemwambia mzee. Vibaya sana. Alipaza sauti studio nzima ikasikia: "Mambo ya nyumba yangu wewe umeyajulia wapi?" Akanyakua picha yake, akaenda. Tajiri naye akanigombeza. Kazi yangu ni rangi, si ndoa za watu. Kweli. Nimelia chooni.

Ijumaa, 8 Julai
Wamekuja! Wote wawili. Macho ya mzee mekundu. Mama Nekesa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na viatu vyeusi. Tajiri akamwonyesha pa kusimama, nyuma ya kiti, kama zamani.
Mzee akasema, "Hapana. Leo anakaa yeye."
Akasimama nyuma, mkono begani mwa mkewe. Taa ikawaka, mama akafumba macho. Ikabidi kurudia. Mara ya pili alikuwa anacheka.
Tajiri aliiosha papo hapo. Nilipoanza kupaka, mama akaja kusimama kando yangu. Kijani changu hakikumridhisha. "Ongeza kidogo. Kama majani ya kunde." Nikaongeza.

Jumamosi, 9 Julai
Stesheni. Nimewapelekea picha, bado inanuka rangi. Mama aliipokea dirishani, akaiangalia. Akaiweka mapajani. Kengele ikalia. Mzee akashuka tena haraka, nikadhani amesahau mzigo. Akanishika mkono.
"Sikuwahi kumuuliza," akasema. Basi. Akapanda.
Treni ikaondoka. Nikanunua hindi la kuchoma, nikalila nikirudi mjini kwa miguu. Jua limetoka kidogo.