Matone Uliyomtumia Baba

Barabara ya Mfereji Na. 2140,
Dry Fork, Idaho.
14 Oktoba 2021

Mpendwa kaka Wade,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, wifi Tess na watoto mko salama huko Oregon, na kikohozi cha Junie kimekwisha. Sisi huku wazima. Baba mgongo unamsumbua, ila anakula. Viazi tumeshavitoa vyote shambani kabla ya baridi kali. Hizo ndizo salamu, na nimezitoa kwa sababu mama alitulea hivyo. Ingekuwa hiari yangu, ningeanza na matusi.

Nimekupigia simu mara sita tangu Jumatatu na hupokei. Basi soma.

Duster, mbwa wa mama, nusura afe Jumapili. Degedege lilimshika baada ya chai ya asubuhi, likaacha, likarudi, mara nne kabla hatujafika kwa daktari. Nilimkumbatia njia nzima kwenye kiti cha nyuma cha pikapu asijigonge kichwa. Unajua mbwa yule ni nini kwa baba tangu tumzike mama mwezi wa nne. Mzee anaamka kwa sababu kuna anayesubiri kufunguliwa mlango.

Daktari Echeverria, anayemtibu Duster tangu akiwa mtoto, alimchoma sindano, akamwuliza baba kama mbwa anapata vidonge vyake vya kifafa. Baba akasema anapata. Akauliza kama kuna kingine anachopewa. Baba akasema hakuna. Aliulizwa mara tatu, Wade, na mara zote tatu akawa anaitazama kofia yake. Degedege likarudi. Ndipo daktari akasema kwa upole kwamba kama vidonge vimeshindwa, huenda ni uvimbe kwenye ubongo, na pengine ni heri apigwe sindano ya mwisho asiteseke. Akaleta karatasi ya kutia sahihi, na baba akashika kalamu.

Mimi nikatoka kwenda kwenye pikapu kumletea Duster blanketi lake, afe akiwa nalo. Chini ya blanketi nikakuta chupa ya matone ya bangi kutoka dukani kwako, imebaki robo, jina lako limeandikwa ubavuni. Pembeni yake vidonge vya tangu Agosti, havijapungua. Na kikaratasi kwa mwandiko wako: matone kumi asubuhi, kumi jioni, hizo kemikali za daktari achana nazo.

Nani kakupa udaktari? Kuwauzia mafuta ya bangi watu wa mjini ambao mbwa wao wanaogopa fataki hakukufanyi ujue kifafa. Sina ugomvi na bangi yako. Shangazi Verla anampa mbwa wake matone kama hayo kwa ajili ya viungo na anasema yanamsaidia. Ugomvi wangu ni hiyo sentensi ya mwisho. Baba hasikilizi hata daktari wa moyo wake mwenyewe, lakini wewe alikusikiliza neno kwa neno, kwa sababu ni wewe. Ulipaswa kulijua hilo kabla hujashika kalamu.

Niliingia na vyote vitatu nikaviweka mezani. Daktari akasoma, akaichana ile karatasi yake ya kutia sahihi. Alisema mbwa aliyekatiziwa vidonge ghafla huanguka hivyo hivyo, na kwamba angeambiwa mapema angejua la kufanya. Duster alirudishiwa dawa, akalazwa siku mbili, na sasa yuko nyumbani. Miguu ya nyuma inayumba, ila ananitambua. Matone yako daktari hakuyakataza. Anachotaka ni kuulizwa kwanza.

Njiani kurudi nilimfokea baba kama sijawahi. Nilidhani ni aibu. Askari wa kaunti miaka thelathini, aliyekamata nusu ya vijana wa Dry Fork kwa misokoto, ataanzaje kusema mbwa wake anatumia bangi? Aliyekufunga pingu wewe jikoni mbele ya mama, una miaka kumi na saba, akakupeleka mahabusu mwenyewe, msisemezane miaka ishirini na saba hadi kwenye maziko ya mama. Nikamwambia aibu yake ndiyo ingemuua mbwa wa mama.

Baba aliendesha mpaka tukavuka mfereji. Kisha akasema:

"Siyo aibu, Lorna. Huku kwetu hiyo kitu bado ni kosa, na chupa ina jina lake. Nilishamtia mwanangu ndani mara moja. Mara ya pili siwezi."

Kalamu alikuwa ameshaishika, Wade. Angetia sahihi.

Kwa hiyo usinipigie mimi. Siku ya Shukrani, mwezi ujao, nitaweka sahani yako na za watu wako. Njoo umwambie kwa mdomo wako kwamba duka lako ni halali huko Oregon, hakuna wa kukufunga, na kwamba Duster ameze vidonge vyake.

Nisalimie wifi Tess, Junie na Cal. Shangazi Verla anawasalimu. Mungu awalinde barabarani mnapokuja.

Kikaratasi chako nilitaka kukirudisha humu ndani ya bahasha ukione. Baba amekataa kunipa. Anatembea nacho kwenye mfuko wa shati.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Lorna