Kichwa Kinachokubali Kusogea

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na mama, bado anakuficha chumvi? Mimi ni mzima, ninakula na ninalala, usiniulize mara mbili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele mpaka majirani wanatoka nje, na bado hujasikia kitu.

Nimepata kazi! Kocha wa timu ya mpira ya wasichana huku anataka mechi zao zirekodiwe msimu mzima. Amenipa mechi moja ya majaribio, tarehe kumi na tano Machi. Video ikimpendeza, msimu wote ni wangu. Isipompendeza, anampa yule bwana wa video za harusi, na mimi narudi saluni kwa shangazi kuosha watu nywele. Sitaki, baba. Nimeosha vya kutosha.

Kamera ninayo, ile ile ya picha, na video inarekodi safi kabisa. Miguu ya tripodi ni mizima. Kinachoniangusha ni kichwa chake, pale kamera inapokaa. Mpira ukikimbia nami nikizungusha kamera kuufuata, kinakwamakwama, na video inashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Nataka kichwa cha video, kile chenye mafuta mazito ndani ya kulainisha mwendo. Vile vya watu wa televisheni vina bei ya kumtoa mtu machozi. Pita kwa rafiki yako muuza kamera uniangalizie cha kipimo changu. Fedha nimempa dereva wa basi aliyekuletea barua hii.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, ndiyo yananiamsha siku hizi. Mama yako hajambo, na chumvi sijaiona. Hongera kwa kazi. Nimemwambia kila aliyepita hapa studio kupiga picha, hata asiyeuliza.

Dukani nimekwenda. Jamaa akataka kunieleza, nikamwambia anyamaze, tripodi nimeanza kushika kabla hajaota ndevu. Nikavijaribu vichwa vyake kimoja kimoja: nakaza skrubu, napiga meza ngumi, natazama. Kimoja hakikutikisika hata kidogo. Nikakisukuma kwa mikono miwili, wapi! Nikasema hicho hicho, kifunge. Hata chenji imebaki, ila mama yako ameshaiona, kwa hiyo isahau.

Watu hawaniiti Mzee Tulia bure. Kaza, tulia, usipumue, piga. Kocha wako atafurahi mwenyewe.

Baba yako


17 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi si salama, nina hasira.

Hicho ulichonitumia ni kichwa cha picha! Nikikikaza, kinagoma kama punda. Nikikilegeza, kamera inaangukia pua. Katikati hakuna kitu. Baba, wachezaji wangu hawapigwi pasipoti, wanakimbia! Wewe umetafuta kichwa kinachokataa kusogea, mimi niliomba kinachokubali.

Hakipimwi kwa ngumi. Chukua pakiti ya sukari ya kilo, ndiyo karibu uzito wa kamera yangu na lenzi yake, uifunge juu ya kichwa kwa selotepu. Kisha funga mpira wa kufungia noti kwenye mkono wa kichwa, ule wa kukizungushia, na uuvute taratibu. Kichwa kibovu kinasubiri, kinasubiri, halafu kinaruka. Kizuri kinaanza bila kushtuka, na ukiacha kuvuta kinasimama bila kurudi nyuma. Basi, ni hivyo tu. Ungeniuliza ningekwambia, lakini wewe huulizi. Ndivyo ulivyotaka na mimi nikae hapo studio, nitulie nisipumue, na nilipoondoka ukanuna mwaka mzima.

Dereva anakirudisha. Nitajitafutia mwenyewe.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa salamu yako ile ilikuwa na pilipili. Afya ni nzuri. Kimya changu kilikuwa cha kununa, sikufichi. Mama yako alinivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaweka pakiti ya sukari mezani mbele yangu, akaniambia: "Utanuna dukani."

Haya, nikaenda. Nikamwambia jamaa atoe vyote. Alipoona sukari akadhani nimekuja kunywa chai.

Cha kwanza kikubwa, kizuri kweli kweli, ningekuwa mjinga ningekibeba. Nikafunga sukari, nikakiinamisha mbele, nikaachia. Mama yangu! Ndani kina springi ya kubebea mizigo ya televisheni. Kilirudi juu kwa nguvu, selotepu ikakatika, sukari ikampata jamaa kifuani na pakiti ikapasuka. Tumefagia duka zima. Nikanunua pakiti nyingine, duka la jirani.

Cha pili kinang'aa, na kwenye boksi wameandika ni cha mafuta. Nikavuta mpira. Ukarefuka, ukarefuka, kimya, halafu paa! kikaruka. Uongo mtupu, wamepaka grisi wakafunga. Nikamwambia jamaa akiweke mbali na macho yangu.

Cha tatu kilikuwa nyuma ya betri za tochi, boksi limekwaruzika, kidogo, cheusi, hakina urembo wowote. Jamaa akasema hicho hakibebi kamera nzito, na ulaini wake ni huo huo, hakuna kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Nikamwambia kamera yetu si nzito. Nikavuta. Kikaanza kwenda hata sikujua kimeanza saa ngapi. Nikaacha, kikasimama pale pale. Nilirudia mpaka jamaa akataka kufunga duka. Mwanangu, maisha yangu yote nimekuwa nikivizuia vitu visisogee. Sikujua kusogea nako kuna uzuri wake.

Tumebadilishana na kile ulichokirudisha. Kilichopungua ameongeza mama yako kwenye ile chenji, usimwambie nimekwambia. Mechi ningependa kuiona, ila kwa basi magoti haya hayafiki. Ya studio tuyaache kwanza.

Baba yako


8 Machi

Baba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Kimefika. Nimemfuata mtoto wa jirani na baiskeli yake barabara nzima, kwenda na kurudi, na hakikukwama hata mara moja. Nimemwonyesha shangazi, akasema basi nimekwisha kumkimbia. Nimecheka mpaka machozi kwa ile sukari.

Niliropoka kwenye barua ile. Unisamehe, baba. Sikosi usingizi tena kwa hii mechi, najua nitaipiga vizuri. Ila magoti yangekubali, ningefurahi sana.

Mwanao


21 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Sikuulizi magoti, yamenidanganya.

Kocha ameona video. Alipofika kwenye bao la pili, winga anatoka na mpira pembeni na mimi ninaye mwanzo hadi mwisho bila kushtuka, akasimamisha, akaniambia msimu wote ni wangu. Yule bwana wa video za harusi ameniletea soda mwenyewe.

Lakini si hilo. Baada ya bao niliipitisha kamera kwenye mashabiki, polepole, kutoka goli hili hadi lile. Juzi, ninaihariri video kabla ya kumwonyesha kocha, nikaona watu wote wanaruka, wanakumbatiana, mmoja amepoteza kiatu. Na katikati yao mzee mmoja amesimama wima, mikono mapajani, kidevu juu, macho kwenye lenzi. Ametulia kama anapigwa pasipoti. Baba! Umekuja kwa basi lote hilo, umesimama hapo, ukaondoka bila hata kuniita?

Nimelia mbele ya kompyuta. Kocha anataka kipande hicho kikatwe, eti mzee huyo anaonekana kama hakufurahi. Nimekataa.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu. Magoti yaliuma siku nne, na yalistahili.

Sikukuita kwa sababu ulikuwa kazini. Nami niliona kamera inakuja upande wangu, nikajiambia, mzee, usije ukamharibia mtoto picha. Nikabana pumzi. Ulikuja polepole mno, kidogo nizimie. Ulipopita ndipo nikaruka na mimi, kofia ikaenda. Hukuipata hiyo. Nilifurahi, mwanangu, mwambie kocha wako nilifurahi kuliko wote pale.

Studio ipo na funguo ninazo. Siku ukipata nafasi uje na mashine yako, utupige video mimi na mama yako hapo mlangoni. Safari hii tutasogea.

Baba yako