Bamba Lenye Mikwaruzo

Mwenzangu, nimeumbuka mbele ya idara nzima ya fizikia!

Yule mtafiti mgeni, wa miezi miwili tu! Hesabu zake za leza ya kukatia chuma zimelingana na vipimo vya karakana, nukta kwa nukta. Zangu za miaka mitatu hazijawahi.

Wivu ukanipanda, nikasimama. "Kiasi cha mwanga unaomezwa na chuma umekitoa wapi?"

Akajibu kwa upole: "Kwa fundi wa karakana. Bamba lake la chuma lina mikwaruzo, halirudishi mwanga kama kioo."

Mikwaruzo! Miaka mitatu nakokotoa bamba linalong'aa!

Nikamgeukia fundi, alikuwa amekaa nyuma. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza, daktari."

Mgeni akapigiwa makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Viganja bado vinawaka moto.