Programu Yangu Mikononi mwa Kioko

Glasgow, Jumapili

Mpendwa ndugu yangu Mutua,

Hamjambo huko Matinyani? Mguu wa mama, Mwaitu wetu, umepata nafuu, au bado anaenda nao shambani kwa ubishi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na kazi ya maktaba hainipi nafasi hata ya kupika ugali wa maana.

Disketi yako ilifika salama. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikahesabu: umemtaja Kioko mara kumi na moja, mimi mara moja. Ati huyo mwalimu wa Makueni ana kichwa. Ati ameitengeneza vizuri zaidi programu yangu ya kutunza picha na hadithi za wazee. Mutua, niliiandika miaka miwili, kila jioni baada ya kazi, macho yakiniuma. Ni kweli niliitoa bure, na nikasema mwenyewe kwamba yeyote aifungue, aibadilishe, awagawie wengine. Lakini sikudhani kuna mtu angeibadilisha kweli! Nilitaka waipokee na kunishukuru, basi.

Nakuambia wazi, nilimwonea wivu. Hata kile kikaratasi chake kilichokuja na disketi kiliniudhi: "Sister, hii program yako ni poa sana, lakini jina likijirudia inamfuta mtu wa kwanza. Na sisi Wakamba si tunapeana majina ya babu na nyanya? Nimeirekebisha kidogo tu, usikasirike." Nilikasirika. Siku nne sikuigusa disketi yenye nakala yake. Nikajiambia huyo anatafuta sifa, na mabadiliko yake hayataingia kamwe kwenye nakala ninayowatumia watu.

Jana nikaifungua ili nimtafutie makosa. Nikaandika Mwende Kilonzo, nikitarajia kujiona mwenyewe. Wakatokea wawili: mimi, na susu, nyanya yetu ambaye nimepewa jina lake. Pichani ameshika jembe, na chini yake iko ile hadithi ya njaa aliyomsimulia Baba, uliyoinakili upya kutoka daftari la Baba. Nikafungua programu yangu. Humo nilikuwa peke yangu. Susu ndiye mtu wa kwanza niliyemwingiza humo, kisha nikajiingiza mimi, na sikuwahi kurudi kumtazama.

Nililia, Mutua. Mtu ambaye hata hakumjua susu amempa nafasi, na mimi ndiye niliyemfuta.

Basi nimeyakubali mabadiliko ya Kioko. Nimemtumia nakala mpya kila anayeitumia programu, na jina lake nimeliandika chini ya langu. Chini, usiniombe zaidi. Asante yangu kwake imo kwenye bahasha hii, mistari miwili, usiisome. Na akiona kosa lingine, niandikie haraka, kabla hajalirekebisha.

Nisalimie mkeo, shangazi yetu anayeuza maharagwe sokoni Tulia, na mchungaji aliyetupa chumba cha kompyuta. Mwaitu naye msalimie sana. Akija kuwatazama wazee kwenye kompyuta, mfungulie nakala ya Kioko, si ile yangu.

Ni mimi dada yako, mwenye wivu na mwenye kukupenda,
Mwende